Daftari la Wageni

Columbus, 3 Oktoba 2015

Mzee wangu Rugaba,

Kaa chini kwanza. Najua unalifungua sanduku hili umesimama, kisu mkononi, ukidhani nimekutumia soksi tena. Safari hii ni chupa ya chai, lita tatu, maua mekundu, kama ile aliyokuwa akinimiminia marehemu mkeo, Mama Bamurange, miaka yote niliyosoma hapo Buffalo.

Nimetafuta chupa ya namna hii Ohio nzima nikakosa. Za huku ni nyembamba, za mtu mmoja. Anajaza kahawa yake, anaingia garini, kwaheri. Chupa ya kukaa mezani ikisubiri wageni hawaijui. Basi nimeamua kuziagiza mwenyewe kutoka China. Usicheke. Kazi ninayoajiriwa kuifanya hapa ni hiyohiyo, kuandikiana na viwanda vya sufuria na vijiko. Sasa nataka kuifanya kwa ajili ya watu wetu. Maduka ya Waafrika hapa, huko kwenu na Louisville yamekubali kuzichukua, na makanisa manne pia. Nimewaahidi kwa jina langu, na huku ugenini jina ndilo mali niliyo nayo.

Kitu kimoja nimejifunza: mwenye kiwanda hatakuambia hapana. Kila unachouliza anajibu hakuna shida, na shida unakuja kuikuta ndani ya kontena. Ndiyo maana sampuli hujaribiwa na mtu unayemwamini, halafu hutunzwa, ili shehena ikifika ilinganishwe nayo. Anayeniandikia kutoka kiwandani ni dada mmoja anaitwa Qiu. Ananiita dada mpendwa na kila ujumbe anaumalizia kwa picha ya ua. Anaonekana mtu mwema, lakini wema hauzibi chupa.

Wewe ulikuwa mwalimu, rejista unaijua. Itumie chupa wiki tatu kama inavyotumika nyumbani kwako. Andika kila siku wageni wangapi, imefunguliwa mara ngapi, na jioni chai ina moto gani. Ninachokitilia shaka ni kizibo. Kinabonyezwa, na ndani yake kuna mpira wa duara. Ningeijaribu mwenyewe, lakini kwangu aje nani? Kwako mlango haufungwi.

Jibu kwa barua, maana simu na sikio lako najua hazipatani.

Claris

*

Buffalo, 27 Oktoba 2015

Binti yangu Claris,

Amani ya Bwana. Mimi mzima. Sikio la kushoto limestaafu kabla yangu, lakini miguu bado inanifikisha Lackawanna kwenye ghala kila asubuhi, na saa tisa alasiri inanirudisha.

Bon, habari ya chupa. Nimeitumia siku ishirini na moja na kuandika yote kwenye daftari. Jumla imefunguliwa mara mia mbili na kumi na nne. Haikuvuja hata tone. Jioni chai bado inaunguza ulimi.

Paluku wa ghorofa ya chini ndiye mteja mkubwa. Nimemwandika mara thelathini na moja. Anaweka sukari vijiko vitano, hata mimi naogopa kumtazama. Mzee Zenoni huja alasiri, tunabishana juu ya Kitabu cha Wafalme mpaka anachukua kofia yake kwa hasira, na kesho yake amerudi. Jumapili baada ya ibada mwanangu Uwase huleta watoto, nyumba inajaa kelele na viatu mlangoni. Siku hiyo chupa haipumziki.

Donc unaweza kuagiza bila wasiwasi. Mama Bamurange angeipenda sana. Nimeiweka palepale ilipokuwa yake.

Rugaba

*

Columbus, 9 Novemba 2015

Mzee wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara moja kwa ajili ya chupa na mara mbili kwa ajili ya wageni. Nimewazoea sasa. Jana kanisani niliwaombea kwa majina, Paluku na sukari yake, Mzee Zenoni na hasira zake.

Oda nimeitia sahihi, chupa mia sita. Ni lazima zipakiwe kabla ya mwaka mpya wa Wachina, kwa sababu wakati huo viwanda vinafungwa, kila mfanyakazi anarudi kwao, na mwezi mzima hupati wa kukujibu. Qiu aliniuliza swali moja kabla hawajaanza: wateja wangu hufungua chupa mara ngapi kwa siku? Alisema wapo wanaotaka mpira mgumu zaidi. Nilimjibu kwa daftari lako. Mara kumi kwa siku, wiki tatu, na mpira wa sampuli haukutikisika. Akasema hakuna shida, tutatumia uleule.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kanisa langu lina watu mia nane. Wananisalimia vizuri sana kwenye maegesho, kisha kila mmoja anafunga mlango wa gari lake. Nina miaka miwili katika nyumba hii na aliyewahi kubisha hodi ni mtu wa vifurushi. Juzi nikaanza kutafuta chumba West Side, karibu na kwako. Kazi naweza kupata huko. Nataka kuishi mahali ambapo mtu anaweza kuingia tu.

Claris

*

Buffalo, 28 Desemba 2015

Binti yangu,

Krismasi imepita salama. Theluji imeziba ngazi, lakini wageni walikuja hivyohivyo. Zenoni aliomba sala ndefu hadi pilau ikapoa.

Habari ya kuhamia, usiharakishe. Nyumba za mbao za huku ni kuukuu na upepo unapita ukutani. Kodi imepanda. Mabasi madogo ya kwenda kazini ni machache. Una kazi nzuri ya ofisini, usiiache kwa ajili ya kikombe cha chai. Kama ni kuja, ngoja kwanza majira ya joto, tena nijulishe mapema.

Rugaba

*

Columbus, 7 Machi 2016

Mzee,

Nimetapeliwa.

Chupa zilifika mwezi uliopita. Kwa wiki mbili nilikuwa malkia. Kina mama walizigombania, duka la Louisville likataka nyingine. Sasa kila Jumapili wananisubiri nje ya kanisa na chupa ndani ya mifuko. Wiki moja ya wageni, na mpira umelegea. Chai inachuruzika mezani, na jioni imepoa. Mama mmoja amemwagikiwa kitenge mbele ya wakwe zake. Hakunigombeza. Alinirudishia tu chupa na kunitazama, na ningependa kama angenigombeza.

Nimempelekea Qiu picha. Anasema mpira ni uleule wa sampuli. Huo ni uongo, kwa sababu sampuli wewe umeifungua mara mia mbili na kumi na nne. Ni ule mchezo wao niliouogopa: sampuli nzuri, shehena mbovu. Nikapita juu yake, nikamwandikia mkubwa wake. Mkubwa anasema kiwanda kiliidhinisha mpira wa sampuli, na kama ulibadilishwa basi aliyebadilisha ni Qiu, kwa kuwa oda ilipita mikononi mwake. Nikimletea ushahidi kabla ya tarehe 25, atamwachisha kazi na kiwanda kitanitengenezea vizibo vipya.

Ushahidi ni daftari lako. Nitumie lenyewe, na utie sahihi kila ukurasa. Nimemuuliza Uwase pia kwa ujumbe, maana Jumapili huwa yupo kwako, naye amethibitisha.

Qiu ananiandikia kila siku. Anasema amefanya kazi hapo miaka sita, anasomesha mdogo wake. Ua haweki tena. Nasikia uchungu, lakini nikimhurumia yeye nani atanihurumia mimi? Jina langu linaliwa huku.

Fanya haraka.

Claris

*

Louisville, 10 Machi 2016

Baba,

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hutanisikia, na jambo hili sitaki kulipigia kelele.

Dada Claris aliniuliza kama mimi na watoto tuliwahi kuona chupa ikivuja, Jumapili tunapokunywa chai kwako. Nilisoma ujumbe wake kazini wakati wa mapumziko. Nikausoma tena. Baba, huu ni mwaka wa pili tuko Louisville. Tangu tuhame hatujawahi kurudi hapo hata mara moja, na kosa hilo ni letu.

Nilimjibu, hapana dada, haikuvuja. Kwetu mtoto hamvui baba yake nguo mbele ya watu. Lakini tangu siku hiyo chakula hakipiti. Sijui niliitetea heshima yako au nilisaidia jambo baya.

Ni nani anakuja kwako, Baba? Niambie mtu mmoja tu.

Watoto sasa wanajibu kwa Kiingereza kila ninapowasemesha. Mdogo ameniuliza babu ana sauti gani, nikashindwa kumweleza. Hapa mtaani kwetu, Iroquois, tuna chumba. Najua utasema kaburi la Mama.

Uwase

*

Buffalo, 15 Machi 2016

Claris,

Nitakuita binti yangu ukimaliza kusoma, kama bado utataka.

Sitatia sahihi. Daftari ni la uongo.

Siku ile sampuli ilipofika nilipika chai ya tangawizi na maziwa, nikaijaza, nikapanga vikombe sita. Nilikaa mpaka giza likaingia. Hakuja mtu. Nikafungua mara moja, nikaonja, ilikuwa ya moto kweli. Asubuhi nikamwaga, na baada ya kazi nikapika nyingine. Nilifanya hivyo siku ishirini na moja. Kizibo kilibonyezwa mara ishirini na moja basi. Mpira ungelegeaje? Chupa isiyoguswa haiwezi kuharibika.

Uwase yuko Louisville tangu 2014. Paluku anakaa chini yangu na tunasalimiana kwenye ngazi, hajawahi kuingia. Mzee Zenoni tulimzika mwaka ule ulipoondoka wewe. Nilimwandika kwa sababu ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa anakuja bila kuitwa.

Nimefundisha kule Minembwe, Kongo, miaka kumi na tisa. Sikuwahi kumwandikia yupo mtoto ambaye hayupo, hata mtoto wa chifu, na kwa ajili hiyo chifu alininunia. Sasa uzeeni nimeijaza rejista watu wasiokuwepo. Uliandika kwamba kwangu mlango haufungwi. Ningekuandikiaje kwamba haubishwi? Niliona haya. Ukataka kuhamia, nikaona haya mara mbili, ndiyo maana nilikutisha na upepo.

Huyo binti wa China hana kosa. Alikuuliza swali la haki, nawe ulimjibu kwa maneno yangu. Mwandikie mkubwa wake leo hii. Taja jina langu kama linasaidia. Uwase usimlaumu, alidanganya kwa ajili ya baba yake na hajala vizuri tangu hapo.

Nimeomba ruhusa ghalani na kupanda mabasi mawili hadi posta, barua hii nimeilipia ile njia ya haraka. Nilipokuwa kwenye foleni nilifikiri, mwanamke simjui, nchi yake siijui, naye anaamka kila siku akingoja niseme kweli.

Huenda usiniandikie tena. Utakuwa na haki. Lakini ujue, mgeni aliyekuwa akiingia katika nyumba hii ni barua zako.

Rugaba

*

Columbus, 5 Aprili 2016

Mzee Rugaba,

Naandika nikiwa na hasira, kwa sababu nikisubiri ziishe nitakuandikia uongo wa adabu, na uongo wa adabu tumeshakula wa kutosha.

Qiu hajafukuzwa. Barua yako ilifika Alhamisi, tarehe 17 Machi, na siku hiyohiyo nilimwandikia mkubwa wake kwamba kosa ni la mnunuzi. Sampuli haikujaribiwa ipasavyo, na Qiu alitahadharisha mapema. Nilimwomba Qiu msamaha peke yake. Alijibu neno moja, asante. Hakusema hakuna shida. Wiki ileile alinitumia kwa ndege mipira migumu mia sita. Sikumwomba.

Kwa hiyo kila Jumamosi nakaa kwenye chumba cha chini cha kanisa na bisibisi, nabadilisha mpira mmoja mmoja, na kila mama anayekuja namweleza kwamba Mchina hakutuibia. Wengine wanasikitika kusikia hivyo. Ilikuwa rahisi zaidi kumlaumu yeye.

Sasa mimi na wewe. Nimemwombea maiti afya njema, Mzee, miezi mitano. Nilikuwa nakaa na sahani yangu mezani nikiwaza, saa hizi Paluku anachukua kijiko cha tano. Niliwaonea wivu. Sikuwa nahamia Buffalo kwa ajili yako, nilikuwa nawafuata wale wageni, na hawapo. Umeniumiza hapo kuliko kwenye chupa mia sita. Chumba nimekikataa. Sitakuja.

Nakutumia chupa yenye mpira mpya. Ibonyeze mara kumi kila siku, mgeni awepo asiwepo. Andika kilichotokea na usiongeze. Ningempa mtu mwingine, lakini sina mtu mwingine.

Claris

*

Buffalo, 20 Aprili 2016

Claris,

Hii ndiyo rejista.

Siku ya kwanza hadi ya sita, mgeni hakuna. Nilibonyeza mara kumi kila siku. Vikombe viwili nilikunywa, vinane nilimwaga. Kizibo kikavu. Siku ya nne niliichukua chupa kazini Lackawanna. Kila mtu alikula ndani ya gari lake, nami nikarudi nayo imejaa.

Siku ya saba ilikuwa Jumapili. Nilishuka ngazi na chupa mkono mmoja, daftari la zamani mkono mwingine, nikabisha kwa Paluku. Alikuwa na sare ya kazi, anajiandaa kutoka. Nikamwambia nimemwandika mara thelathini na moja bila ruhusa yake na nimekuja kuomba msamaha. Alilichukua daftari akalisoma palepale mlangoni, ukurasa kwa ukurasa. Kisha akauliza kwa nini nimemwekea vijiko vitano wakati yeye ana kisukari. Nimeishi juu yake miaka minne na sikulijua hilo.

Nikamuuliza nami, kwa nini hajawahi kupanda. Alitazama viatu vyake.

“Mzee, mimi nilikuwaka nasikia uko unasema na batu kule juu, kila siku, hata unacheka,” akasema. “Nikajiambia, donc, mzee iko na bageni. Nisiende kumusumbua.”

Claris, nilikuwa nasoma majina kwenye daftari kabla ya kuyaandika. Nilikuwa nawauliza kama niwaongezee. Sikio hili halinionyeshi sauti yangu iko juu kiasi gani. Na yeye alikuwa chini, anarudi kutoka kazini, anakaa peke yake kitandani na buti zake, anasikiliza karamu.

Nilimweleza hivyohivyo, bila kupunguza. Hakucheka wala hakunihurumia. Alipiga simu kazini akasema atachelewa, akavuta kiti cha pili, akakifuta kwa mkono.

Siku ya saba: mgeni mmoja, vikombe viwili, bila sukari. Kizibo hakijavuja.

Rugaba